Deni la Dola Moja na Robo kwa Siku

Mwaka 1917, Marekani ilipojitosa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kijana mmoja mzaliwa wa Lithuania, William Hushka, aliuza bucha yake mjini St. Louis, akamkabidhi mkewe fedha zote, akaenda kujiandikisha jeshini. Alikuwa na umri wa miaka 22. Uraia wa Marekani aliupata akiwa tayari kambini, huko Kansas. Mwaka 1919 akaachishwa kwa heshima, akahamia Chicago na kurudi kwenye kazi yake ya kukata nyama, safari hii akiwa kibarua wa watu, leo yupo kesho hayupo. Ndoa ikavunjika, binti yao mdogo akabaki kwa mama. Hata ulipofika mwaka 1932 kazi zilikuwa zimekauka kabisa, na Hushka akaona kama njaa haina budi, basi bora akaione Washington, mlangoni kwa mdeni wake. Mchana wa Julai 28 mwaka huo polisi wa jiji hilo alimpiga risasi, mitaa michache tu kutoka jengo la Bunge, akafa.

Hakuwa mwizi wala mwasi. Alikuwa mmoja wa askari wa zamani wapatao 20,000 waliokwenda kudai malipo ambayo serikali yenyewe ilikuwa imeyaandika kwenye hati na kuyatia sahihi.

Deni lenyewe lilianzia kwenye mshahara. Askari wa kawaida wa Marekani katika vita ile alilipwa dola 30 kwa mwezi, na kabla hazijamfikia mkononi zilikatwa bima na fungu la familia. Wenzake waliobaki nyumbani, wakiunda meli na kufyatua risasi viwandani, walipata mara kadhaa ya hizo. Zaidi ya watu milioni 4 walivaa sare, karibu milioni 2 wakavushwa bahari hadi Ufaransa, na zaidi ya 116,000 wakafa, wengi wao kwa maradhi. Vita ilipokwisha, kila aliyeachishwa jeshi alipewa dola 60 na nauli ya treni. Alipofika kwao alikuta nafasi yake kiwandani imeshapata mtu.

Wakaanza kudai. Rais Warren Harding aliupinga muswada wa kiinua mgongo chao mwaka 1922. Calvin Coolidge aliyemfuata akaupinga pia mwaka 1924, akisema uzalendo unaonunuliwa hauwezi kuitwa uzalendo. Safari hii Bunge likaipindua kura yake ya turufu, na sheria ikapita. Kila siku ya utumishi ndani ya nchi ilihesabiwa dola 1, na kila siku ng'ambo dola 1 na senti 25. Hesabu nzuri, ila fedha hazikutolewa. Aliyekuwa akidai kidogo sana, dola 50 kushuka chini, alilipwa papo hapo. Wengine wote, zaidi ya milioni 3, walipewa hati itakayoiva mwaka 1945. Mwenye hati akifa kabla ya hapo, warithi wake wangelipwa. Kwa hiyo askari wenyewe wakaiita bonasi ya kaburi.

Mwaka 1924 watu wengi waliweza kuvumilia. Kazi zilikuwapo, maduka yamejaa, na hati ilifungiwa sandukuni pamoja na nishani. Oktoba 1929 soko la hisa la New York likaporomoka, na ndani ya miaka mitatu karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne nchini Marekani hakuwa na kazi. Benki zilifunga milango na akiba za watu zikapotelea humo. Walioshindwa kulipa kodi walitolewa vyombo nje. Pembezoni mwa miji mikubwa vikaota vitongoji vya mabati na maboksi, na wananchi wakavipa jina la Rais wa wakati huo, Herbert Hoover. Humo walikuwamo wanaume wengi wa miaka thelathini na kitu, waliowahi kulala kwenye mahandaki ya Ufaransa, sasa wamelala na wake na watoto chini ya bati, na mfukoni wana hati ya serikali yenye thamani ya mamia ya dola isiyoweza kununua hata mkate.

Mbunge mmoja kutoka Texas, Wright Patman, naye aliyewahi kuwa jeshini, alipeleka muswada wa kutaka hati zile zilipwe mara moja. Gharama yake ingekuwa zaidi ya dola bilioni 2. Hoover alikataa kwa hoja kwamba hazina ingeelemewa. Jambo kubwa lililopatikana ni sheria ya 1931, nayo ilipitishwa kwa kuipindua kura yake ya turufu, iliyowaruhusu kukopa nusu ya thamani ya hati. Kukopa, tena kwa riba. Mtu anakopeshwa fedha zake mwenyewe na mdeni wake, kisha anatozwa riba juu yake. Nimesoma habari za serikali nyingi zilizowadhulumu askari wao, lakini sijakutana na nyingine iliyowatoza riba kwa ajili ya kuwacheleweshea.

Katika mji wa Portland, jimbo la Oregon, alikuwapo sajini mstaafu wa kikosi cha mizinga, Walter Waters. Alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha kusindika vyakula vya makopo hadi kilipompunguza. Machi 1932 alisimama kwenye mkutano wa askari wa zamani akawaambia waende Washington wenyewe, kwa sababu kila mfanyabiashara mwenye shida hutuma watu wake kuwashawishi wabunge, na wao hawana wa kumtuma. Hakuna aliyemfuata siku ile. Wiki kadhaa baadaye, habari zilipofika kwamba muswada wa Patman umewekwa kando, wanaume karibu 300 walipanga foleni kwenye stesheni ya treni za mizigo. Fedha walizokuwa nazo kwa pamoja hazikufika hata dola moja kwa kila mtu.

Walisafiri kwenye mabehewa ya ng'ombe. Nidhamu waliirudisha ileile ya jeshini: makamanda, zamu za ulinzi, marufuku ya pombe, marufuku ya kuombaomba. Mji baada ya mji watu waliwaletea kahawa na mikate. Mambo yaligeuka East St. Louis, Illinois, ambako kampuni ya reli ilikataa kuwabeba. Wakapaka sabuni juu ya reli, magurudumu yakawa yanazunguka bila kwenda mbele, na mabehewa mengine wakayafungua viungo. Gavana akaita wanajeshi wa akiba. Mwishowe wakapakiwa kwenye malori na kuvushwa hadi jimbo jirani, na jimbo hilo nalo likawapakia kwenda linalofuata, kila gavana akitaka tu wasilale kwake. Lakini kisa cha sabuni kilikwisha kuingia magazetini. Kutoka Texas, Pennsylvania, Alabama, California, askari wa zamani wakaanza kufunga virago. Wengine walikwenda na familia nzima, jiko na godoro vimefungwa juu ya gari bovu.

Waters na watu wake waliingia Washington mwishoni mwa Mei. Mkuu wa polisi wa jiji alikuwa Pelham Glassford, aliyepanda hadi cheo cha brigedia jenerali katika vita ileile ya Ufaransa. Huyu alikuwa mtu wa namna yake. Alizunguka jiji kwa pikipiki, akafika kila walipolala, akaongea nao kama kamanda anavyoongea na vijana wake. Alitoa fedha zake mwenyewe kununua chakula na akakubali kuwa mtunza hazina wao. Na haki isemwe: Hoover naye, kimyakimya, aliruhusu mahema na vitanda vya jeshi vitolewe Glassford alipoomba. Ila hakukubali kuonana na viongozi wao, ingawa watu wa kila aina walikuwa wakipokewa Ikulu.

Kambi kubwa kuliko zote ilikuwa Anacostia, uwanda wa matope ng'ambo ya mto, na kulifikia jiji kulihitaji kuvuka daraja linaloinuliwa. Jirani palikuwa na jalala, nalo ndilo lililokuwa duka lao la vifaa vya ujenzi. Walijenga kwa makreti ya mayai, milango ya magari mabovu, vitanda vya chuma, karatasi za lami, majani. Ukiziangalia picha zilizobaki unaona vibanda vimepangwa kwa mistari iliyonyooka, na barabara zimepewa majina ya majimbo waliyotoka. Palikuwa na kinyozi, maktaba, ulingo wa ndondi, na gazeti lao wenyewe. Kila aliyetaka kuingia alionyesha cheti chake cha kuachishwa jeshi. Kikundi cha wakomunisti kilikuwapo jijini, kidogo, na wenyewe wanakambi walikifukuza.

Jambo moja la kambi ile lilimshangaza sana Roy Wilkins wa NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, aliyekwenda kuandika habari zake kwa jarida la The Crisis. Jeshi la Marekani liliwatenga weusi na weupe hadi kwenye mahandaki, na Washington yenyewe ilikuwa na migahawa ambayo mtu mweusi hakuweza kukaa. Lakini Anacostia, mtu wa Mississippi mwenye ngozi nyeupe alikaa kibanda kimoja na mweusi wa Chicago, wakapanga foleni moja ya maharage, wakacheza karata meza moja. Hakuna sheria iliyowaamuru. Miaka kumi na sita ilikuwa bado kabla Rais wa Marekani hajaamuru jeshi lenyewe liache ubaguzi.

Chakula kilikuwa cha kubahatisha. Usiku mmoja tajiri Evalyn Walsh McLean, mwenye almasi mashuhuri iitwayo Hope, aliendesha gari hadi walipokuwa wamekaa pembeni mwa barabara, akakuta hawajala, akaenda mkahawani karibu na usiku wa manane akaagiza sandwichi 1,000 na sigara pakiti 1,000. Alizigawa yeye na Glassford. Ulikuwa wema wa kweli, ila wema wa mtu mmoja hulisha mlo mmoja.

Juni 14 mjadala wa muswada ulifika Bunge la Wawakilishi. Mbunge wa Tennessee, Edward Eslick, alisimama kuutetea, na akiwa katikati ya hotuba akaanguka, akafa papo hapo, mkewe akiwa anamtazama kutoka ukumbi wa wageni. Kesho yake muswada ukapita. Ukabaki Seneti. Jioni ya Juni 17 maelfu yao walijaa kwenye ngazi na viwanja vya Bunge wakingoja. Waliobaki Anacostia walikuta daraja limeinuliwa ili wasivuke. Usiku ulipoingia Waters aliitwa ndani akapewa matokeo: kura 62 zilikataa, 18 zilikubali. Akatoka kuwatangazia watu wenye njaa, waliochoka, walio wengi kuliko polisi wote wa jiji. Mwandishi wa habari Elsie Robinson alimnong'oneza awaambie waimbe wimbo wa kizalendo uitwao America. Wakavua kofia, wakaimba, wakajipanga, wakarudi kwenye vibanda vyao. Naomba msomaji aikumbuke jioni hiyo atakapofika kwenye maneno ya Jenerali MacArthur.

Bunge likatenga dola 100,000 za nauli za kuwarudisha makwao, ila kila nauli ingekatwa kwenye hati ya mhusika. Maelfu kadhaa wakakubali. Wengi walibaki, na sababu ni nyepesi kuielewa: hawakuwa na pa kurudi. Nyumba ilikwisha kuchukuliwa, au mwenye nyumba alikwisha kuwafungia mlango. Kibanda cha Anacostia kilikuwa ndiyo anwani yao pekee.

Julai 28 asubuhi polisi walianza kuwatoa wengine wao kwenye majengo yaliyobomolewa nusu, Pennsylvania Avenue, ambako serikali ilitaka kujenga ofisi. Kazi ilianza kwa amani. Adhuhuri yakarushwa matofali, Glassford mwenyewe akavuliwa beji kifuani. Baadaye kidogo, kwenye jengo jingine, askari polisi akafyatua bastola. Hushka akafa. Eric Carlson, wa Oakland, California, alijeruhiwa, akafa siku chache baadaye. Hoover akaliita jeshi.

Mkuu wa Majeshi, Jenerali Douglas MacArthur, aliamua kwenda mwenyewe. Msaidizi wake, Meja Dwight Eisenhower, alimwambia kwamba si mahali pa mkuu wa majeshi, hakusikilizwa. Saa za jioni, watumishi wa serikali wakitoka kazini, askari wa farasi walishuka Pennsylvania Avenue, panga wazi, miongoni mwa maofisa wao akiwamo Meja George Patton. Nyuma yao watembeao kwa miguu na singe kwenye bunduki, kisha vifaru. Baadhi ya askari wa zamani walianza kupiga makofi, wakidhani ni gwaride kwa heshima yao. Farasi wakageuzwa kuelekea kwao. Watu walichapwa kwa ubapa wa panga, mabomu ya machozi yakarushwa, watazamaji kando ya barabara wakapiga kelele za aibu.

Hoover alituma agizo kwamba jeshi lisivuke daraja kwenda Anacostia. MacArthur alilipuuza. Usiku ule wakavuka, moto ukashika vibanda, vingine vikiwashwa na askari, vingine na wenyewe kwa uchungu, na mwanga wake ukaonekana kutoka Ikulu. Wanawake walikimbia gizani na watoto mgongoni. Mtoto mmoja wa wiki chache, aliyekuwa amevuta gesi, alifia hospitalini baadaye. Madaktari waliandika ugonjwa wa tumbo. Ndiyo ile Waswahili husema shukrani ya punda ni mateke.

Kesho yake likatokea jambo ambalo Patton mwenyewe alilieleza. Mwanamume mwembamba aliletwa mbele yake akisema wanafahamiana. Alikuwa Joe Angelo, wa Camden, New Jersey. Septemba 26, 1918, kwenye mapigano ya Meuse-Argonne, Patton aliumizwa vibaya na risasi, na Angelo ndiye aliyemburuta hadi kwenye shimo, akamfunga jeraha, akabaki naye chini ya moto wa bunduki za Wajerumani. Alipewa nishani ya ushujaa, ya pili kwa ukubwa nchini. Sasa hakuwa na kazi. Patton aliamuru aondolewe. Kisha akawaeleza maofisa wenzake kwamba kweli mtu huyo alimwokoa maisha, na kwamba familia yake imekuwa ikimsaidia, lakini asingeweza kuonekana naye hadharani siku kama ile.

MacArthur aliwaambia waandishi kwamba waliofukuzwa walikuwa genge la wanamapinduzi, na kwamba askari wa kweli walikuwa pengine mmoja katika kumi. Idara ya serikali inayoshughulikia askari wa zamani ilikuwa imefanya hesabu yake: asilimia 94 walikuwa na kumbukumbu za utumishi jeshini, asilimia 67 walitumikia ng'ambo, asilimia 20 walikuwa na ulemavu. Uongo wa jenerali uliishi siku chache. Picha za sinema za kambi ikiungua zilionyeshwa nchi nzima, na Novemba Hoover akashindwa uchaguzi vibaya na Franklin Roosevelt.

Mei 1933 askari wengine walirudi Washington. Roosevelt aliwapangia mahema Fort Hunt, Virginia, akawapa milo mitatu kwa siku na madaktari. Mkewe Eleanor alifika bila walinzi, akatembea kwenye matope, akala nao, akaimba nao nyimbo za vitani. Walipewa nafasi 25,000 katika jeshi la ujenzi na upandaji miti, kwa dola 30 kwa mwezi, sawasawa na mshahara wa 1917. Wengi walikubali. Lakini kiinua mgongo chenyewe Roosevelt naye hakukitaka, na sheria yake ya kubana matumizi ilipunguza hata malipo ya walemavu. Chai na maneno mazuri vilisaidia. Deni lilibaki palepale.

Kwa baadhi yao msaada huo ulikuwa mauti. Mamia walipelekwa kwenye visiwa vya kusini mwa Florida kujenga barabara na madaraja. Waliishi kwenye mahema na mabanda ya mbao, futi chache juu ya usawa wa bahari, katika msimu wa vimbunga. Septemba 2, 1935, siku ya mapumziko ya wafanyakazi, kimbunga kikali kuliko chochote kilichowahi kupimwa kikitua Marekani kiliwapiga. Treni ya kuwaokoa ilichelewa kuagizwa na ikachelewa kuondoka Miami. Ilipofika Islamorada wimbi likayasomba mabehewa yote, injini peke yake ikabaki imesimama. Zaidi ya watu 400 walikufa, na zaidi ya 250 kati yao walikuwa askari wa zamani. Joto lilipoanza kuharibu miili, mingi ikachomwa papo hapo. Ernest Hemingway, aliyekuwa akiishi Key West, alikwenda kwa mashua, akaiona miili kwenye mikoko, akaandika makala yenye hasira kali akiuliza nani aliyewaua. Wachunguzi wa serikali walikuwa wamekwisha kusema ndani ya siku chache tu kwamba ni kudra ya Mungu. Upepo, ndiyo, ni wa Mungu. Kuwaweka watu ufukweni ndani ya mahema na kuchelewesha treni ni kazi ya wanadamu wenye ofisi na simu.

Januari 1936 Bunge likapindua kura ya turufu ya Roosevelt, na mwezi Juni askari zaidi ya milioni 3 wakapokea hati fungani za dola 50 kila moja ambazo waliweza kuzibadilisha kwa fedha taslimu. Jumla ilikaribia dola bilioni 2. Hazina haikufilisika. Watu walilipa madeni, wakanunua viatu vya watoto, wakakarabati mapaa, na maduka yakapata wateja.

Fedheha ya Anacostia ilizaa sheria bora kuliko zote za aina yake. Vita ya Pili ilipokuwa ikielekea ukingoni, viongozi wa nchi waliogopa askari milioni 16 wakirudi pamoja bila kazi. Harry Colmery, wakili wa Topeka aliyewahi kukiongoza chama cha askari wa zamani cha American Legion, alikaa kwenye chumba cha hoteli ya Mayflower mjini Washington akaandika rasimu kwa mkono. Muswada nusura ufie kwenye kamati kwa upungufu wa kura moja, hadi mbunge John Gibson alipofuatwa Georgia usiku, akakimbizwa kwa gari hadi Jacksonville na kurushwa kwa ndege kuja kupiga kura. Roosevelt alitia sahihi Juni 22, 1944. Aliyetoka vitani angesomeshwa, angelipwa posho ya kujikimu akiwa masomoni, angepewa dola 20 kwa wiki hadi mwaka mzima akitafuta kazi, na serikali ingemdhamini akope nyumba. Hadi 1956 watu milioni 7.8 walikuwa wamesoma au kufundishwa kazi kwa sheria hiyo, milioni 2.2 kati yao vyuoni. Hadi 1952 mikopo ya nyumba iliyodhaminiwa ilifika milioni 2.4.

Hata hapo wapo waliofungiwa nje. Mikopo ilipitia benki za mitaani, na benki za Kusini ziliwakataa weusi. Mwaka 1947, katika miji 13 ya jimbo la Mississippi, ilitolewa mikopo 3,229 kwa udhamini huo. Weusi waliopata walikuwa 2. Wana wa wale waliolala kibanda kimoja na weupe Anacostia walirudi kutoka Ulaya na Pasifiki wakakuta mlango umefungwa usoni.

Baada ya Vietnam kosa lilirudiwa kwa njia nyingine. Askari walirudi mmojammoja kwa ndege, leo msituni kesho sebuleni kwa mama, bila kikosi, bila mapokezi, wengi wakiwa na majeraha ya akili ambayo madaktari wa Marekani hawakuyapa nafasi rasmi kwenye kitabu chao cha magonjwa hadi 1980. Kufikia miaka hiyo, nyumba za bei nafuu mijini zikibomolewa, wanaume waliovaa makoti ya jeshi yaliyochakaa walionekana chini ya madaraja ya Los Angeles na New York. Mwaka 1988 huko San Diego wenzao waliotangulia kusimama tena walipiga mahema uwanjani kwa siku tatu, wakaleta madaktari, mawakili, mabafu na nguo safi mahali pamoja, na utaratibu huo ukaigwa nchi nzima. Bado jioni ya siku ya mwisho kila mtu alirudi barabarani.

Mageuzi yalianza pale serikali ilipoacha kumtaka mtu aache kwanza pombe, atibiwe kwanza, apate kazi kwanza, ndipo apewe chumba. Kuanzia 2008 Bunge lilitoa vocha kwa maelfu: mpangaji analipa kiasi anachoweza, serikali inamalizia kodi, na mhudumu wa hospitali ya askari anamfuata nyumbani. Mwaka uliofuata waziri aliyehusika, Eric Shinseki, jenerali aliyepoteza sehemu ya mguu Vietnam, aliapa kulimaliza tatizo ndani ya miaka mitano. Hakufanikiwa kwa muda huo. Lakini hesabu ya usiku mmoja ya 2010 ilikuta askari wa zamani zaidi ya 74,000 hawana makazi. Ya Januari 2024 ilikuta 32,882.

Los Angeles inaonyesha kilichobaki ni nini. Mwaka 1888 wenye ardhi walitoa mamia ya ekari magharibi mwa jiji yawe makazi ya askari walemavu, na kwa miongo mingi maelfu waliishi pale. Baadaye nyumba zikafungwa, na ardhi ikakodishwa: chuo kikuu kikajenga uwanja wa besiboli, shule binafsi ikaweka viwanja vya michezo, mafuta yakachimbwa. Mwaka 2020 na 2021 askari wa zamani walipiga mahema nje ya uzio wa ardhi hiyohiyo, kando ya barabara ya San Vicente. Septemba 2024 Jaji David Carter, naye askari wa vita ya Vietnam, aliamua kwamba mikataba ile ilivunja sheria, akaamuru serikali ijenge nyumba zaidi ya 2,000. Serikali ikakata rufaa.

Nchi iliyowalipa watu milioni 3 kwa mkupuo mwaka 1936, ikadhamini nyumba zaidi ya milioni 2 baada ya 1944, haiwezi kusema kwamba watu 32,882 ni wengi mno kuwapatia funguo. Katika hesabu ile ya 2024, karibu 14,000 kati yao walikutwa wamelala nje.